Jinzi Kuukuu Hufumuliwa Kwanza

Kila anayekuja kwangu mtaani Langoni kujifunza, akiwa na suruali ya jinzi mkononi, huuliza mkasi uko wapi. Nami humpa wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja, namwonyesha baraza, namwambia akae afumue. Wengine hununa. Mmoja aliondoka siku ya pili akaenda kukata za kwake nyumbani. Baada ya wiki mbili alirudi na mfuko wa vipande visivyotosha hata kofia ya mtoto, tukaanza upya kwenye baraza lile lile.

Nimeshona nyumbani kwangu hapa Lamu kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka tisa ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa hii ya kugeuza jinzi kuukuu: sketi ndefu za wasichana, vizibao vya wavulana, magauni ya watoto, aproni, mikoba. Ninakuandikia wewe unayeanza, mwenye cherehani moja, chumba kimoja, na suruali mbili tatu za kaka yako zilizokwisha magoti. Mengi niliyajua kwa kuharibu nguo za watu, na kila nikikumbuka naona haya. Ningependa wewe uyapate bila kumharibia mtu.

Suruali kuukuu si kitambaa. Hilo ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kitambaa cha dukani huja kizima, kila shubiri ina nguvu sawa na ya pili yake. Suruali imevaliwa na mtu. Imekaa chini, imepanda punda, imepiga magoti gatini, imefuliwa kwa maji ya kisima mara nyingi. Kuna pahali ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani na kuna pahali imebaki jina tu. Ukiikata kabla ya kujua wapi ni wapi, utachukua kitako kilichochakaa ukiweke begani mwa gauni, na gauni litapasuka siku ya Idi mtoto akinyoosha mkono kupokea peremende. Unapofumua, vidole vyako vinapita kila mshono na kila pembe, na ukimaliza unaijua suruali ile kuliko aliyeivaa.

Kwanza ifue, hata kama imetoka kwenye fungu la mitumba imepigwa pasi. Visima vingi vya mji wetu maji yake yana chumvi chumvi, sabuni haitoi povu, na jinzi iliyosuuzwa humo hukauka ngumu kama ubao. Fua kwa maji hayo ukitaka, lakini suuza mwisho kwa maji matamu. Jinzi nzito ya buluu iliyokoza ifue peke yake, mara mbili au tatu, mpaka maji yapungue rangi. Watu watakuambia uiloweke kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Nimejaribu vyote viwili na rangi ikatoka vile vile. Nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, haiingii mpaka kwenye kiini cha uzi, hukaa juu juu, na ndiyo maana jinzi hupauka pale inaposuguliwa, na ndiyo maana hupaka rangi nguo iliyo jirani. Niliwahi kushona gauni la mtoto la jinzi mpya mpya nikalitia kola ya kitambaa cheupe. Mama yake alilifua mara moja tu, kola ikawa rangi ya samli iliyoingia wino. Alinirudishia bila neno la ubaya, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenifokea.

Ikishakauka, igeuze ndani nje, ipeleke kwenye mwanga. Mimi husimama kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani wa nyumba zetu usio na paa, saa nne asubuhi jua likiwa linashuka moja kwa moja. Ingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, utandaze vidole, uinue. Ukiona vidole vyako kama kivuli kupitia kitambaa, pale pamekufa. Pazungushie chaki. Mara nyingi chaki itakwenda kwenye mapaja kwa ndani, kitakoni, magotini, na kisigino cha pindo kinachoburutika. Sehemu nzima utazikuta nyuma ya mguu chini ya goti, ubavuni kando ya mshono wa nje, na chini ya mifuko ya nyuma, ambako jua na sabuni havikufika.

Hebu tazama goti lililochanika kwa karibu, maana hapo ndipo nilipoielewa jinzi. Nyuzi zinazobaki zikining'inia kwenye tundu ni nyeupe, na zote zimelala kwa upana. Za buluu hazipo. Nyuzi za mtande, zile za urefu, ndizo zilizotiwa rangi kabla ya kufumwa. Za mshindio, zile za upana, ziliachwa nyeupe. Katika jinzi ya kawaida kila uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio kisha hujificha chini ya moja, na uzi wa jirani hufanya hivyo hivyo hatua moja mbele, ndipo unapoona vistari vya mshazari. Kwa hiyo nje ni buluu, ndani ni nyeupe, na kila kinachosugua suruali husugua buluu kwanza. Ukianza kuona weupe unachungulia kwenye paja, nyuzi za urefu zimeshaliwa nusu, hata kama tundu bado halijatokea. Usiweke mshono hapo. Sindano itamalizia kilichobaki.

Kutokana na hayo utajua pia namna ya kulaza vipande. Nyuzi za mtande zifuate urefu wa nguo mpya, kutoka bega kwenda chini au kiuno kwenda chini. Ukilaza kipande kimoja kwa urefu na kingine kwa upana, nguo itavuta upande mmoja baada ya kufuliwa, na rangi zake hazitafanana juani hata kama zimetoka suruali moja.

Sasa kufumua kwenyewe. Suruali nyingi zina mishono ya aina mbili miguuni. Wa nje, ubavuni, mara nyingi ni mshono wa kawaida uliopigwa ovaloki, yaani kingo zake zimezungushiwa uzi zisifumuke, na kupasuliwa kwa pasi. Wa ndani mara nyingi ni wa kukunjwa, una safu mbili za uzi zinazoonekana. Aina ziko nyingi, kwa hiyo angalia yako kabla ya kuniamini mimi. Wa kawaida unafumuka kwa wepesi: kata uzi mmoja kila baada ya mishono mitano, kisha vuta uzi wa upande wa pili, utatoka mrefu. Pindo la chini na ukanda wa kiuno mara nyingi vimeshonwa kwa mshono wa mnyororo. Geuza uuone kwa ndani, una vipete vilivyofuatana. Ukipata ncha ya mwisho, ile mashine ilipomalizia, na ukavuta uzi sahihi, mshono wote unaachia mara moja mpaka ulikoanzia. Ukianza ncha nyingine hautoki hata hatua moja, utakaza tu. Wanafunzi wangu wakiupata ule uzi kwa mara ya kwanza hucheka kwa furaha, na mimi hufurahi nao kila mara.

Mshono wa kukunjwa ni kazi nyingine. Kuufumua paja zima kunachukua saa nzima, na kitambaa chake cha pale kwa kawaida ndicho kilichochakaa. Hapo ndipo ninaporuhusu mkasi: kata kando kando ya mshono, pande zote mbili, ukanda ule uweke kwenye kikapu. Utakuwa mpini wa mkoba.

Riveti, vile vijishaba vya pembe za mifuko, zitoe kabla ya kuweka kitu chochote chini ya mguu wa cherehani. Zing'oe kwa koleo, au kama hazitoki kata kitambaa kuzizunguka. Mwaka wangu wa pili niliisahau moja iliyokuwa imefichwa na mkunjo. Sindano ilivunjika, ncha ikaruka ikanipiga chini ya jicho. Damu kidogo tu, lakini tangu siku hiyo huvaa miwani nikishona jinzi, na hata kama macho yako yanaona vizuri nakuomba ufanye hivyo.

Inafaa kujua riveti zile ziliwekwa kwa nini. Jacob Davis alikuwa fundi wa nguo huko Reno, Nevada, na wateja wake walikuwa wafanyakazi ambao mifuko yao ilikuwa ikichanika pembeni. Akazikaza pembe kwa shaba. Alimwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia kitambaa, wakaomba hati ya haki ya uvumbuzi pamoja, wakaipata tarehe 20 Mei 1873. Ninapenda kuwasimulia wanafunzi habari hiyo kwa sababu fundi yule hakubadilisha suruali yote. Alitazama nguo inaanzia wapi kuchanika, akapashughulikia hapo. Ukitoa riveti, pembe ile inabaki na tundu na udhaifu, basi nawe uishughulikie: pitisha mshono wa kwenda na kurudi mara nne mfululizo, urefu wa sentimita moja. Vivyo hivyo mwisho wa zipu, mwanzo wa mpasuo wa sketi, na kila mpini wa mkoba unaposhikana na mdomo.

Kabla ya kukata, jaribio la mwisho ni la kuvuta. Weka alama mbili za chaki kwa upana wa kitambaa, sentimita kumi kati yake, shika huku na huku uvute. Zikifika kumi na moja au kumi na mbili, jinzi hiyo imechanganywa na nyuzi za kunyumbuka. Ifungie kamba yake, iweke na wenzake. Usiichanganye na ngumu kwenye nguo moja. Nilichanganya. Ilikuwa sketi ya msichana aliyekuwa anakwenda shule ya bweni, paneli nne, mbili za jinzi ngumu na mbili za ile ya kunyumbuka, rangi zilikuwa zimeafikiana mno. Siku ya kuijaribu ilimkaa vizuri ajabu. Alipofua mara tatu, zile mbili zikalegea na kushuka, mishono ikajikunja kama ukingo wa mkate wa kumimina, na pindo likawa na mawimbi. Nilimshonea nyingine bila malipo, na ile nikamwomba nibaki nayo. Imetundikwa ukutani mpaka leo, mwanafunzi akiniuliza kwa nini ninasumbuka na chaki namwonyesha.

Kuhusu cherehani. Yangu ni nyeusi ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, na watu hushangaa kwamba inashona jinzi kuliko nyingi mpya za plastiki. Za zamani ni za chuma kitupu, na kwa mkono unaongoza kila tundu la sindano. Lakini hewa yetu ya bahari inakula chuma. Ifunike kila usiku, na itie mafuta kila wiki unayoshona. Mafuta yawe ya cherehani, yale mepesi. Jirani yangu aliishiwa akatia mafuta ya nazi, akidhani mafuta ni mafuta. Baada ya miezi kadhaa yalikuwa yameganda yakachanganyika na vumbi, gurudumu likakataa kuzunguka kabisa. Tuliifungua cherehani yote tukaisafisha kwa mafuta ya taa kwa muda wa siku mbili. Na jinzi ina vumbi lake la buluu, linajaa chini ya bamba la sindano. Lipige brashi kila ukimaliza nguo moja.

Sindano hununuliwa kwa namba. Kwenye pakiti utaona 90/14, 100/16, 110/18. Namba ya kwanza ni unene: 100 ni milimita moja kamili. Jinzi nyepesi ya shati, 90. Suruali ya kawaida, 100. Jinzi nzito ya kazi, au pale mishono inapokutana, 110. Sindano nyembamba kwenye kitambaa kinene hupinda kidogo bila wewe kuona, huruka mishono, mwisho huvunjika. Ukisikia mlio umebadilika, ule mdundo wa tu-tu-tu umekuwa tak-tak, imeshakuwa butu. Ibadilishe. Ni ya shilingi chache na nguo ni ya mtu.

Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba huoza upesi kwa jasho na maji ya chumvi. Refusha mishono mpaka milimita 3 au 3.5, kama cherehani yako huhesabu mishono kwa inchi, iwe minane. Ukitaka ule uzi mnene wa manjano unaoonekana juu, uweke juu tu, na kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, weka uzi wa kawaida wa rangi inayokaribiana, kisha legeza kikaza uzi cha juu kidogo kidogo ukijaribu kwenye kipande cha makombo mpaka vifundo visionekane.

Patakaposhinda cherehani yako ni pale mishono minne inapokutana, kwa mfano mshono wa ubavuni unapopita kwenye pindo. Mguu wa cherehani unapanda ile nundu, kisigino chake kinabaki hewani, kitambaa hakisogei, na mishono inajazana mahali pamoja. Dawa yake ni mbili, na zote ninazitumia. Kunja kipande cha jinzi kifikie unene wa ile nundu, ukiweke chini ya kisigino cha mguu ili ukae sawa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja, mpaka uvuke. Na kabla ya hapo piga nundu kwa nyundo. Ndiyo, nyundo. Weka ubao chini na kitambaa juu yake, piga mara sita saba, unene unapungua. Mara ya kwanza majirani walidhani ninatengeneza kitanda.

Mshono wa kukunjwa niliokataa kuufumua, kuushona nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye hakuwahi kushona nguo maishani mwake. Alikuwa akishona matanga ya majahazi. Tanga ni vipande virefu vilivyounganishwa, na kila kiungo kinalazwa na kupigwa safu mbili ili upepo wa Kusi usipate ncha ya kuingilia. Niliponunua suruali yangu ya kwanza ya mitumba kuichungulia, nilimwendea nikamwonyesha mshono wa ndani, naye akaupitisha kidole, akasema huu naujua. Alinionyesha kwa mkono, nami nikaufanya kwa cherehani. Weka vipande mgongo kwa mgongo, ndani ya kitambaa ikikutana na ndani. Shona sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Punguza ukingo mmoja ubaki nusu sentimita. Ule mpana ukunje uufunike mwembamba, ulaze, upige pasi ya moto mpaka utulie, kisha pitisha mshono wa pili ukingoni kabisa. Akimaliza kunitazama, mjomba huchukua kile kipande kwa mikono miwili akakivuta kwa nguvu zake zote. Ukiachia hata uzi mmoja, narudia.

Nguo ya kwanza iwe aproni. Mguu mmoja wa suruali ya mtu mzima, ukifunguliwa kando ya mshono wa ndani, unatosha kifua na tumbo, mfuko wa nyuma unahamia mbele, na vile vikanda ulivyokata vinakuwa kamba. Hakuna kipimo kigumu, na ukikosea bado utaivaa jikoni kwako.

Ya pili, kizibao cha mvulana, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Watoto huvivaa juu ya kanzu siku za Maulidi na Idi, na cha jinzi kimewapendeza hata wazee niliodhani watakataa. Chukua mvulana wa kifua cha sentimita 64. Ongeza kumi za nafasi, ni 74. Mgongo utachukua nusu, 37, na tatu za mishono, jumla 40. Mguu mmoja wa suruali pana ya mwanamume, ukifunguliwa, una upana huo kuanzia gotini kwenda juu. Ulaze ili mshono wa nje uangukie katikati ya mgongo, utii uti wa mtoto, utapendeza kama uliupanga. Mguu wa pili unatoa pande mbili za mbele, moja kila upande wa mshono. Ila usipande juu sana: kutoka katikati ya paja kwenda chini mshono wa nje umenyooka na unalala, lakini karibu na nyonga umepinda, na kizibao chako kitajaa upepo mgongoni. Tia bitana ya leso kuukuu iliyofuliwa sana. Piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa mkono kwanza, bitana yote, usiamini pini peke yake, jinzi ni nzito na leso huteleza.

Sketi ndefu ihifadhi kwa baadaye, maana ina mtego mmoja. Ukifumua mshono wa ndani wote na kuilaza suruali iwe sketi, pale miguu ilipokutana pamepinda, mbele na nyuma. Wanaoanza hujaza pembetatu katikati na kushona hivyo hivyo, na sketi hutokeza nundu chini ya kiuno kama mkia. Fumua mshono wa nyuma kupanda juu mpaka pale unaponyooka, mara nyingi sentimita kumi na zaidi, laza upande mmoja juu ya mwingine mpaka kitambaa kikae tuli mezani chenyewe bila kukilazimisha, ndipo ushikize. Mbele fanya vivyo hivyo, ukikomea chini ya zipu. Kisha ujaze kwa miguu ya suruali ya pili. Usibane pembetatu, dada zetu wanapanda ngazi za mawe na kushuka kwenye mashua, hatua inataka nafasi.

Kuhusu fedha nitasema machache, ila yananiuma. Mteja akileta suruali zake mwenyewe huona kitambaa ni chake, kwa hiyo bei iwe ya bure. Sketi moja hunichukua saa saba, na kati ya hizo karibu tatu ni za kufumua, ambazo hakuna anayeziona. Hesabu saa zako tangu wembe unapogusa uzi wa kwanza, ziandike kwenye daftari, na umwonyeshe mteja kabla ya kuanza. Nyumba moja ya wageni iliniagiza aproni kumi na mbili, nikazishona usiku na mchana kabla ya msimu, nikazipeleka, na fedha yake sikuiona. Tangu hapo sifumui kitu cha mtu kabla ya kupokea nusu mkononi, hata awe jamaa. Jamaa wengi wamenielewa.

Ukiondoa mfuko wa nyuma utakuta chini yake alama ya buluu iliyokoza, umbo la mfuko wenyewe. Haitoki kwa kufua. Mimi huiacha ionekane, kifuani mwa gauni la mtoto au ubavuni mwa mkoba, na wateja wangu sasa huiomba.

Nguo ikimalizika, naifua tena mwenyewe kabla haijatoka nyumbani, naianika juu ya dari ikiwa ndani nje, kivulini. Ikishakauka naichukua kwa mikono miwili, mshono kwa mshono, navuta kama alivyokuwa akivuta mjomba. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekaza, inaweza kukaa juu siku mbili na mteja anapita mlangoni akiuliza. Namkaribisha chai, namwambia bado mbichi.